Mitaa ya Mombasa inavyoungana na inavyojifungia: shajara ya mradi

11 Januari 2025: Swali

Swali la mradi huu ni moja. Tangu miaka ya 1970 mpaka leo, mitaa mipya ya Mombasa imekuwa ikiungana na jirani zake, au imekuwa ikijifungia? Kukua kwa mji hakuna ubishi. Sensa ya 1999 ilihesabu watu 665,018, ya 2009 ikahesabu 939,370, na ya 2019 ikafikia 1,208,333. Watu hao wote wanahitaji pa kuishi, na kisiwa kilijaa zamani. Ninachotaka kujua ni shamba linageuka kuwa mtaa wa namna gani. Mkazi akitoka mlangoni kwake ana njia tatu nne za kushika, au ana moja tu ya kumtoa barabarani, na duka lililo nyuma ya ukuta wake analifikia kwa kuzunguka?

Naandika kila hatua inapokamilika ili mtu wa Malindi, Tanga au Kisumu aweze kuirudia kwa mji wake. Vifaa vyote ni vya bure: data za OpenStreetMap (ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea), programu ya ramani ya QGIS, na lugha ya kompyuta ya Python yenye maktaba ya OSMnx, ya kupakua na kupima mitandao ya njia, iliyoandikwa na Geoff Boeing. Vipimo nimevichukua kwa Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, waliochunguza kwanza Marekani (2015) kisha dunia nzima (2020).

Kipimo cha kwanza ni idadi ya njia zinazokutana mahali pamoja. Njia panda ya msalaba ina 4, ya T ina 3, na ncha ya njia isiyotokea ina 1. Cha pili ni fungu la ncha zisizotokea katika mtaa mzima. Cha tatu nitakiita uwiano wa mzunguko: umbali wa kutembea ukigawanywa kwa umbali wa mstari ulionyooka, kati ya sehemu zilizo karibu. Cha nne ni urefu wa njia za lazima, yaani njia ambazo zikifungwa, waliobaki upande wa pili hawana pengine pa kutokea.

Jambo moja katika kazi ya watafiti hao ndilo lililonisukuma. Barabara ikishachorwa, haiondoki. Nyumba hubomolewa, maduka hubadilisha wenyewe, lakini mstari wa njia hubaki pale pale vizazi na vizazi. Kwa hiyo kila shamba linalokatwa ploti leo huko Utange, Mwakirunge au Shika Adabu linaamua wajukuu wetu watapita wapi.

18 Januari 2025: Likoni yapotea

Niliiomba OSMnx ipakue njia zote zilizo ndani ya mpaka wa Kaunti ya Mombasa. Ramani ilipofunguka, Likoni haikuwepo. Mtongwe, Shika Adabu, Timbwani, eneo zima lilikuwa tupu, na programu haikutoa onyo lolote.

Sababu mbili zilikutana. Ya kwanza ni feri. Katika OpenStreetMap feri huandikwa route=ferry, na OSMnx huchukua vilivyoandikwa highway, yaani barabara na njia, peke yake. Ya pili ni barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika 2024. Barabara hii hupitia upande wa Kwale kabla ya kuungana na ile ya Likoni kwenda Lunga Lunga, na ukikata data kwenye mpaka wa kaunti unaikata nayo. Likoni ikabaki kipande kilichojitenga. OSMnx isipoambiwa vingine huhifadhi kipande kikubwa kimoja na kuvitupa vilivyobaki.

Dawa yake: weka retain_all=True (hifadhi vipande vyote), pakua eneo pana kuliko unalolihitaji, pima kwanza, ndipo ukate kwa mpaka wa kaunti. Mimi nimepakua mpaka Mazeras, Kaloleni, Mavueni, Mtwapa na Matuga. Feri nimeipakua kivyake na kuiunga kwa mkono kwenye mtandao wa miguu, kwa kuwa mtembea kwa miguu huvuka Likoni bila malipo na maelfu huitegemea kila siku. Anayetumia toleo la 2 la OSMnx aangalie pia mpangilio wa mipaka: sasa ni magharibi, kusini, mashariki, kaskazini. Hati za msimbo zilizoandikwa kwa matoleo ya nyuma zilikuwa na mpangilio mwingine, na zitakupeleka baharini au zitagoma kabisa.

Upana huo wa data ulifichua tatizo la pili. Ukikata kwa mpaka wa kaunti, Daraja la Nyali linahesabiwa kuwa njia ya lazima. Ukipanua, linaacha kuwa ya lazima, kwa sababu mtu wa Kongowea anaweza, kwa hesabu za kompyuta, kufika Mwembe Tayari kwa kupanda Mtwapa, Mavueni, Kaloleni, Mazeras na kushuka tena mjini. Hakuna mwanadamu atakayeuita huo muunganiko. Nimeamua kuvitoa vivuko vikuu katika hesabu ya mitaa na kuviwekea jedwali lao: Makupa (tuta la 1929, daraja jipya la 2022), Nyali (daraja la kuelea la 1931, la zege la 1980), feri ya Likoni, daraja la kuelea la Liwatoni la waenda kwa miguu la 2021, na Dongo Kundu.

Najua Mombasa ikitajwa muunganiko kila mtu anafikiria vivuko, na ni haki yao, maana foleni ya feri inakula maisha ya watu. Lakini vivuko vina wasemaji wengi, na fedha hutafutwa. Kichochoro kinachozibwa na ukuta hakina msemaji, na hicho ndicho ninachokifuata hapa.

1 Februari 2025: Mji wa Kale wawekwa mkiani

Hesabu ya kwanza kamili nilifanya kwa mtandao wa magari. Matokeo yaliuweka Mji wa Kale miongoni mwa sehemu zilizoungana vibaya kuliko zote Mombasa. Yeyote aliyewahi kutoka Ngome ya Yesu, akashika Ndia Kuu na kukata vichochoro mpaka Kibokoni anajua hilo haliwezi kuwa kweli. Mle ndani ukikosea kichochoro kimoja, cha pili kinakurudisha ulikokuwa ukienda.

Gari haliingii vichochoroni, basi programu iliona vibarabara vichache vinavyoingia na kukatika. Nikageukia mtandao wa miguu. Huo nao ulikuwa na kosa la upande wa pili. Ulichukua kila kitu, pamoja na njia zilizo ndani ya mitaa ya kuta, na ukayapita mageti kana kwamba yako wazi usiku na mchana. Nyali na Bamburi zikatoka safi.

Sasa nina mitandao mitatu. Wa magari. Wa miguu na mageti yote wazi. Wa miguu na mageti yote yamefungwa, ambao umeondolewa njia zenye access=private na kukatwa palipoandikwa barrier=gate. Tofauti kati ya huu wa pili na wa tatu imekuwa kipimo kizuri kuliko nilivyotarajia, na nitairudia mbele.

Mtandao mkuu wa mradi ni wa miguu. Hata anayepanda matatu hutembea mpaka steji, na mtoto huenda madrasa na skuli kwa miguu yake. Ukipima magari peke yake unapima mji wa wachache.

Vichochoro vingi havikuwa vimechorwa. Nilianza kuvichora mwenyewe, na vyote nimeviingiza OpenStreetMap ili vimfae kila mtu.

15 Februari 2025: Umri wa barabara

Hapa ndipo muda mwingi umepotea, na anayerudia kazi hii asome kwa makini.

Wazo la kwanza lilikuwa kutumia historia ya OpenStreetMap yenyewe. Kila njia ina tarehe ya kuingizwa, basi ingetosha kurudi nyuma mwaka kwa mwaka. Matokeo yake: Mombasa nzima ilizaliwa baada ya 2004, kwa kuwa OpenStreetMap yenyewe ilianza mwaka huo, na Digo Road ikawa rika moja na ploti za jana. Tarehe ile inasema mchoraji alikaa lini kwenye kompyuta. Haisemi njia ilianza lini kupitwa. Njia hiyo nimeiacha kabisa.

Wazo la pili ndilo walilotumia watafiti niliowataja: kuangalia majengo yaliyozunguka barabara yalionekana lini kwenye picha za setilaiti. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha tangu 1972, na Kituo cha Pamoja cha Utafiti cha Umoja wa Ulaya hutoa tabaka la bure la makazi ya dunia linaloanzia 1975. Unachora ukanda pande zote mbili za kila kipande cha barabara, unasoma ni kipindi gani ukanda ulianza kujaa majengo, unakipa kipande kipindi hicho. Nimetumia vipindi vinne: kabla ya 1975, 1975 mpaka 1989, 1990 mpaka 1999, na 2000 kuendelea.

Wazo ni zuri, ila pwani yetu ina hila zake. Machimbo ya matumbawe ya Bamburi yalitokea kama mji mkubwa wa kabla ya 1975. Jiwe la matumbawe likichimbwa huwa jeupe na hung'aa kwa setilaiti kama bati na zege. Baadaye sehemu hiyo ya "mji" ikatoweka, kwa sababu tangu 1971 René Haller alianza kupanda mivinje kwenye machimbo yaliyokwisha, na leo pana msitu wa Haller Park. Tabaka lilikuwa linaniambia watu walihama. Nimeyachora machimbo yote kwa mkono na kuyafunika yasisomwe.

Hila ya pili ni kinyume chake. Nyumba za makuti chini ya minazi na miembe hazionekani. Vijiji vya zamani vya Kisauni na Likoni, vilivyokuwepo kabla ya wazee wetu kuzaliwa, vilipewa umri wa miaka ya 1990, wakati mabati yalipochukua nafasi ya makuti na minazi ilipokatwa. Hili halitibiki kwa setilaiti. Linahitaji ramani ya karatasi, na wazee.

Shauri dogo kwa anayetaka kuchambua picha zake mwenyewe: tafuta za Januari na Februari, wakati wa kaskazi. Za masika ni mawingu matupu. Na picha za Landsat 7 za baada ya Mei 2003 zina michirizi mitupu kwa sababu kifaa chake kimoja kiliharibika. Tumia Landsat 5 mpaka ilipokoma, halafu Landsat 8 ya 2013 na Sentinel-2 ya 2015, ambayo hutenganisha vitu vya mita 10.

8 Machi 2025: Ramani ya karatasi na mita 300

Nimepata nakala ya ramani ya 1:50,000 ya Idara ya Upimaji ya Kenya, nikaiskani mjini na kuifungua QGIS. Niliiweka kwa kufuata mistari ya gridi iliyochapishwa kwenye karatasi yenyewe, nikiiambia programu ni gridi ya UTM kanda ya 37 Kusini. Karatasi ilikaa vizuri, pembe zote nne zikakubali. Nilipoweka barabara za leo juu yake, barabara za ufukweni Likoni zilionekana zikipita ndani ya bahari.

Ramani za zamani za Kenya zilipimwa kwa msingi wa Arc 1960, yaani mahali pa kuanzia kuhesabu viwianishi. Setilaiti na simu zetu hutumia WGS84. Namba zile zile, zikisomwa kwa msingi usio wake, hukusogeza Mombasa karibu mita 300 kaskazini na karibu mita 100 magharibi. Ni umbali wa kutosha kuhamisha mtaa mzima. Na ubaya wake ni kwamba barani, palipo na mashamba tu, kosa halionekani. Bahari ndiyo iliyonishtua.

Kwa QGIS, chagua EPSG:21037 (namba ya gridi hiyo kwa Arc 1960) unapoiweka karatasi, halafu uigeuze kuwa EPSG:32737 (ya WGS84). Usiishie hapo. Hakikisha kwa alama zisizohama: pembe za Ngome ya Yesu, iliyosimama tangu 1593 hadi 1596 ilipojengwa, na mkunjo wa reli kabla ya Makupa. Baada ya kugeuza, tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo kuliko upana wa mstari wa barabara kwenye karatasi, na hiyo inatosha.

Ramani hiyo imerudisha vijiji vya minazini kwenye kipindi chao. Njia za miguu zimechorwa kwa nukta nukta, na nyingi kati yake ndizo barabara za Mishomoroni na Mtopanga za leo.

22 Machi 2025: Kisauni kwa miguu

Ni Ramadhani, basi nimetembea kati ya alasiri na magharibi, jua likiwa limelegea na watu wametoka barazani kusubiri futari. Wakati huu wazee wana nafasi ya kuzungumza.

Nilikuwa na karatasi ya njia nilizozitilia shaka. Mzee mmoja Mishomoroni, baada ya shikamoo na marahaba, aliichukua karatasi, akaigeuza mpaka ikaelekea kibla, ndipo akaanza kunionyesha. Njia hii ilikuwa ya kwenda kisimani. Ile ilikuwa mpaka wa shamba la fulani na shamba la fulani. Hii nyingine ni ya jeneza, haizibwi hata mwenye ploti akitaka, kwa sababu maiti lazima apite kwenda msikitini na makaburini. Aliniambia, "Mwanangu, nyumba ni ya mtu, ndia ni ya watu."

Hapo nikaelewa matokeo niliyokuwa nikiyadhania ni kosa la data. Kwenye mtandao wa miguu, sehemu kubwa ya Kisauni iliyojengwa bila mpimaji ina ncha chache zisizotokea kuliko mitaa ya kisasa iliyo jirani yake. Njia zake zimepinda, nyembamba, na gari la zima moto halipiti, jambo ambalo moto ukiwaka linaua watu. Lakini zinatokea. Pwani mtu huweza kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye shamba. Katika shamba la namna hiyo nyumba zilifuata njia zilizokuwepo, na njia hizo ziliunganisha visima, misikiti na maduka. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzifunga.

Upande wa Bamburi na Nyali kazi ilikuwa ya mageti. OpenStreetMap ilikuwa na mageti machache sana kuliko yaliyopo. Nimeyaingiza niliyoyaona kutoka barabarani, nikiandika kama ni la kufungwa usiku tu au wakati wote. Askari wa geti moja alinisaidia zaidi ya ramani yoyote: alinieleza geti la nyuma lilikuwepo, likazibwa kwa matofali baada ya wizi, na tangu hapo wasaidizi wa nyumbani huzunguka mpaka barabara kuu ili kufika kazini. Wenye nyumba wana magari. Mzunguko huo wanautembea wengine.

12 Aprili 2025: Makutano yanayohesabiwa mara mbili

Kazi fupi lakini ya lazima. Barabara ya pande mbili yenye ukuta katikati huchorwa kama mistari miwili, basi panapokatiza njia moja hutokea makutano mawili, na kwenye mzunguko wa magari hutokea manne au zaidi. Barabara kuu inapata sifa isiyo yake. OSMnx ina kazi ya consolidate_intersections ya kuyaunganisha yaliyo karibu.

Nilipoweka mita 15 mji mzima, barabara kuu zilitengemaa na Mji wa Kale ukayeyuka. Vichochoro vyake hukutana kila hatua chache, na programu iliyabana makutano matano kuwa moja. Nilipopunguza hadi mita 5, Mji wa Kale ulirudi na barabara kuu zikaharibika tena.

Suluhisho lililofaa: unganisha kwa mita 15 makutano yanayogusa barabara za pande mbili peke yake, zenye oneway=yes na jina moja, na mengine yote yaache yalivyo. Msimbo umerefuka kidogo, na makutano ya vichochoroni hayaguswi tena.

3 Mei 2025: Faharasa yaachwa, vipimo vyazungumza

Barrington-Leigh na Millard-Ball wana faharasa, yaani namba moja inayojumlisha vipimo vyote, kwa uchanganuzi wa vijenzi vikuu: hesabu inayotafuta tofauti kubwa zaidi ndani ya data. Nilijaribu kutengeneza ya Mombasa kwa njia hiyo. Haikufaa. Kwa mji mmoja, kijenzi cha kwanza kilishika tofauti ya kisiwa na bara, yaani msongamano, kikasahau njia zisizotokea. Yao ilijengwa kwa data za dunia nzima, na uzito wake haupatikani kwa kuchungulia kona moja. Nimerudi kwenye vipimo vinne, kila kimoja peke yake. Msomaji anaona moja kwa moja kilichopanda na kilichoshuka.

Picha inayojitokeza ni hii. Mitaa ya kisiwani ya kabla ya 1975, Majengo, Makadara, Tononoka, ndiyo iliyoungana vyema kwa magari na kwa miguu. Ina vitalu vifupi na njia za kutokea kila upande. Nyali ya kwanza, iliyokuwa shamba la mkonge kabla ya daraja la 1931 kuileta karibu na mji, ina barabara ndefu zilizopinda kuzunguka viwanja vikubwa. Ncha zisizotokea si nyingi, ila uwiano wa mzunguko uko juu kwa sababu vitalu ni vikubwa mno kwa mtembea kwa miguu.

Mikindani ni somo la pekee. Ni mtaa uliopimiwa viwanja na njia kabla ya nyumba, katika mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Watu wamejenga walivyoweza, wameongeza ghorofa, wamefungua maduka, na mtandao wa njia bado unashikilia. Kilichopimwa kwanza kilikuwa njia, na nyumba zikafuata.

Kuanzia 2000 mambo yanageuka, na mageuzi yako bara, kaskazini zaidi kuliko kwingine. Mashamba yanakatwa moja moja, kila mmoja na mpimaji wake, kila mpimaji akichora barabara moja katikati yenye ploti kila upande, na barabara hiyo inaishia kwenye mpaka wa shamba la jirani. Jirani akikata lake miaka mitano baadaye, anafanya vivyo hivyo, na ncha mbili zinaachana kwa ukuta mmoja. Juu ya hapo likija geti, mtaa mzima unakuwa njia moja ya lazima.

Tofauti ya mageti wazi na mageti yaliyofungwa inaeleza hayo kuliko maneno. Kisiwani na Kisauni ya zamani haionekani kabisa. Kwenye mitaa ya kuta ya baada ya 2000 inabadilisha kila kipimo.

Nasisitiza hili kwa sababu huwa linasemwa vingine: wanaolaumiwa kwa kuvuruga mji ni waliojenga bila ramani. Vipimo vya miguu haviwaonyeshi hao. Vinaonyesha viwanja vilivyopimwa, vikapigwa muhuri, vikauzwa kwa hati.

24 Mei 2025: Gharama mpaka sasa

Data na programu: bure. Bando la intaneti limekuwa ndilo gharama kubwa, kama shilingi 4,000, kwa sababu picha za setilaiti ni nzito. Ukipata mtandao wa chuo au maktaba utaokoa karibu zote. Matatu na tuktuk, kama 3,000. Kuskani na kuchapa karatasi za kutembea nazo, 1,200. Diski ya nje nilikuwa nayo. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kwa Mombasa, ila uwiano wa mzunguko uukokotoe mtaa kwa mtaa; ukiutaka wa kaunti nzima kwa pamoja, kompyuta itasimama.

Gharama ambayo haiandikwi kwa shilingi ni kuchora vichochoro na mageti. Imechukua muda kuliko uchambuzi wote. Atakayeanza Tanga au Lamu aanze na hiyo, asiiache mwisho.

14 Juni 2025: Ncha zinazotazamana

Vipimo vinaeleza yaliyokwisha kutokea. Nilitaka kitu ambacho mtu wa mipango miji anaweza kukishika mkononi. Basi nimeitafutia programu kazi hii: tafuta kila jozi ya ncha zisizotokea zilizo ndani ya mita 60 kwa mstari ulionyooka, lakini kwa kutembea ni zaidi ya kilomita moja.

Hesabu yake ni nyepesi na faida yake ni kubwa. Ukiunga jozi moja, ncha mbili zinafutika kwa pamoja, na kila kipande kilichokuwa njia ya lazima kati ya ncha hizo kinaacha kuwa ya lazima, kwa sababu sasa pana mzunguko. Njia ya upana wa mita 3, ya miguu na mkokoteni, inatosha.

Orodha ya kwanza ilijaa uongo. Hori ya Tudor imekatika katika ghuba ndogo ndogo za mikoko, na ncha mbili zikitazamana juu ya matope programu huziona jirani. Reli nazo, ya zamani na ile mpya ya SGR iendayo Miritini, zilileta jozi nyingi Changamwe na Jomvu. Nimeondoa kila jozi ambayo mstari wake unakata maji, mikoko, reli au korongo. Zilizobaki nimeziangalia kwenye picha, na za Bamburi, Kiembeni na Utange nimezifikia kwa miguu.

Zimegawanyika kwa kizuizi. Nyingi ni ukuta wa mpaka. Chache ni mfereji wa maji ya mvua, ambao daraja la mbao lingeumaliza. Na kuna kundi la tatu ambalo kwangu ndilo la kwanza kushughulikiwa: ploti tupu. Watu tayari wanakatiza hapo, njia ya mchanga imejichora kwenye majani, wanafunzi wanapita asubuhi. Kwenye ramani ni ploti ya mtu, na siku atakapomwaga msingi, njia imekwisha. Moja ya Kiembeni ilikuwa wazi mwezi Machi. Wiki hii nimekuta mawe na kokoto zimeshushwa.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka mgawanyo wa ardhi upate idhini ya kaunti. Idhini hiyo ndiyo mahali pa kumuuliza mwenye shamba barabara yake itakutana na ya nani upande wa pili. Orodha ya jozi za ploti tupu nimeitenga, kila moja na viwianishi vyake, picha, umbali wa sasa wa kutembea na umbali utakaobaki ikiungwa. Wiki ijayo naipeleka ofisi ya mipango ya kaunti na kwa wazee wa mitaa inayohusika, nikianza na Kiembeni na Utange. Hesabu nzima itarudiwa kwa picha za Januari ijayo, na hatua inayofuata ya shajara hii itakuwa jedwali la jozi: zilizoungwa, zilizozibwa, zilizo wazi bado.